Ankara ya wakili: misimbo sanifu au maelezo ya kawaida?
Misimbo ya UTBMS (mfumo sanifu wa kuainisha kazi katika ankara za mawakili), iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1990, huigawa kazi ya wakili kwa herufi na namba: L300 ni hatua ya kubadilishana ushahidi kabla ya kesi kusikilizwa, A103 ni kuandika au kurekebisha nyaraka. Kwa gharama, maelezo ya kawaida, yaani kueleza kazi kwa sentensi, hushinda, kwani hayahitaji programu wala mafunzo. Kwa kulinganisha matumizi, misimbo haina mpinzani, ingawa wakili aliyechoka akichagua msimbo wowote ulio karibu (na hilo hutokea), takwimu zote huharibika. Maelezo, kwa upande wake, huonyesha kwa nini kazi ilifanyika. Mwenye shauri moja yatamtosha. Kampuni yenye mashauri mengi na mawakili tofauti itafaidika zaidi na misimbo.