Leso za Jumla za "Mali ya Abdulla": Uzoefu Wangu katika Mtaa wa Biashara, Mombasa

Nimeuza leso za rejareja mjini Malindi kwa miaka 12, na katika muda huo nimenunua mzigo kwa wauzaji wa jumla wengi. Hapa ninazungumzia duka moja tu, la ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, ambalo wateja wangu wengi hawalijui kwa jina hilo bali kwa maneno yaliyochapwa kwa herufi ndogo ukingoni mwa pindo: "K.H.E. – Mali ya Abdulla".

Kilichonifanya nishikamane nalo ni hasara. Nilikuwa nimekabidhiwa kazi ya kutafuta sare ya harusi, doti 40 (doti ni jozi ya leso), yaani korja mbili za doti ishirini kila moja, nami nikazinunua kwa muuzaji mwingine aliyekuwa na bei ya chini. Korja ya kwanza ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee kama tulivyokubaliana, lakini ya pili ilifunguliwa ikiwa na rangi ya matofali, na zilipofuliwa, wekundu wa pindo ulichuja ukaingia katika mji wote, yaani sehemu ya kati ya leso, hata jina, yaani msemo uliochapwa juu yake, halikusomeka tena. Nililazimika kuwarudishia akina mama fedha zao kutoka mfukoni mwangu. Bibi mmoja miongoni mwao, ambaye hakukasirika kama wenzake, aliniambia, "Mwanangu, siku nyingine usome pindo kabla hujasoma jina."

Nilimwelewa baadaye, nilipofahamu historia ya alama ile. Biashara hiyo ilianzishwa Mombasa mwaka 1887, wakati ambapo leso yenyewe ilikuwa bado changa: katikati ya karne ya 19, wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa vidogo vilivyoletwa na Wareno, vikiuzwa vikiwa vimeungana kwa jora, wakikata sita na kuvishona vitatu juu na vitatu chini ili wapate vazi moja kubwa. Wafanyabiashara waliona hitaji hilo wakaanza kuagiza kitambaa kilichochapwa kikiwa kizima. Mwanzoni mwa karne ya 20, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ndiye anayetajwa kuwa alianza kuweka misemo kwenye leso, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi. Kwangu mimi hili ni jambo kubwa kuliko watu wanavyolichukulia, kwa kuwa mwanamke ambaye hangeweza kumkabili jirani au wifi yake kwa mdomo alipata namna ya kusema akiwa amenyamaza. Hadi leo mteja wangu huikunjua leso, akasoma jina, akaiweka chini au akaichukua, na bei huulizwa mwisho.

Nilipokwenda katika duka hilo la Abdulla kununua korja mbili nyingine, nilizikagua kwa ukali wa mtu aliyekwisha kuungua. Nililowesha kidole nikasugua pindo, kisha nikakifuta kwenye kitambaa cheupe, na hakikubaki doa. Nilichomoa uzi mmoja ukingoni nikauchoma: uliungua ukawa jivu laini kama pamba inavyoungua, bila kuyeyuka na kuganda kama uzi wa plastiki. Nikaweka doti ya korja ya kwanza juu ya doti ya korja ya pili mlangoni, penye mwanga wa jua, na sikuweza kuzitofautisha. Mhudumu aliningojea nimalize bila kunihimiza, jambo ninalolithamini sana, kwa sababu muuzaji mwenye haraka mara nyingi ana jambo analolificha.

Leso hizo zimevaliwa, zimefuliwa, na baadhi yake sasa zinabebea watoto mgongoni. Rangi ingalipo.

Kwa anayetaka kununua jumla, ninashauri afike asubuhi, tena wiki kadhaa kabla ya Idi, maana Mtaa wa Biashara hujaa mno mwishoni mwa Ramadhani na hutapata nafasi ya kukunjua chochote. Kama ni sare, achukue idadi yote kwa siku moja, pamoja na doti mbili tatu za akiba, kwani mtindo ukiisha si rahisi kuupata tena. Akumbuke pia kwamba doti huuzwa ikiwa haijakatwa, hivyo gharama ya fundi wa kupinda iingizwe katika hesabu mapema. Mimi huwapa mafundi leso zangu siku ileile ninaporudi Malindi, na huwaomba wasikate ukingo wenye yale maneno madogo.