Oyez: kesi ya Guantánamo masikioni mwako, bure

Nyota 4 kati ya 5.

Mkenya aliyekamatwa hapa Mombasa mwaka 2007 akapelekwa Guantánamo, gereza la jeshi la Marekani kule Kuba, alirudishwa nyumbani Desemba 2024. Barazani kwetu swali likawa moja: kwani miaka yote hiyo Katiba ya Wamarekani ilikuwa haimhusu? Mimi ni karani wa wakili, kwa hiyo macho yote yakanigeukia. Nikawapeleka Oyez, tovuti inayohifadhi sauti za kesi za Mahakama ya Juu ya Marekani. Hulipi wala hujisajili, kinachokatika ni bando lako tu.

Anza na Boumediene dhidi ya Bush, kesi ya mfungwa wa Guantánamo dhidi ya Rais wa Marekani, iliyosikilizwa tarehe 5 Desemba 2007. Maandishi yanakwenda bega kwa bega na sauti, na jina la anayesema unaliona. Kwangu mimi hilo ndilo lenye thamani, maana majaji wale wanakatizana maneno kama abiria wanaogombea kiti cha matatu.

Usiikose sehemu Jaji Scalia anapombana Seth Waxman, wakili wa wafungwa: nitajie kesi moja tu ambapo mgeni aliyezuiliwa nje ya himaya ya Marekani au Uingereza alipewa habeas corpus, ile amri ya kumlazimu anayekushika akulete kwa jaji na aeleze sababu. Waxman anachomoa kesi za kale za Uingereza, Scalia haridhiki. Kiini cha ubishi ni mkataba wa 1903: ardhi ni ya Kuba, lakini mamlaka yote ya pale ni ya Marekani. Mtu wa Mombasa aliyezoea mashauri ya nyumba bila ardhi, nyumba yako kwenye kiwanja cha mwingine, atauelewa mvutano huu upesi kuliko wanafunzi wengi wa sheria.

Ukurasa wa uamuzi una picha za majaji, nani alipiga kura wapi. Ilikuwa 5 kwa 4, tarehe 12 Juni 2008. Jaji Kennedy aliandika kwamba serikali haiwezi kuiwasha na kuizima Katiba itakavyo, na wafungwa wa Guantánamo wakapata haki ya kwenda mahakamani kupinga kuzuiliwa kwao.

Sasa nyota niliyoinyima. Muhtasari ni mfupi mno. Kennedy hakusema kila kambi ya jeshi inahusika. Alitaka mahakama itazame uraia na hadhi ya mfungwa na jinsi hadhi hiyo ilivyoamuliwa, mahali alipokamatwa na anapozuiliwa, na ugumu wa kuitekeleza amri yenyewe. Hayo ukayasome kwenye hukumu kamili. Halafu Oyez ni ya Mahakama ya Juu peke yake, na hapo ndipo msomaji anapopotea. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Washington ilitumia vipimo hivyohivyo kwa wafungwa wa Bagram, kambi ya jeshi la Marekani huko Afghanistan, ikawanyima haki hiyo. Sababu kubwa ni kwamba mahali penyewe palikuwa uwanja wa vita. Sauti ya kesi hiyo usiitafute hapa. Atakayeishia kwa Boumediene atatoka akidhani mambo yamekwisha.

Kesi ya Eisentrager ya 1950, ya Wajerumani waliokamatwa China na kufungwa Landsberg, Ujerumani, wakanyimwa habeas corpus, nayo haina sauti. Hiyo siwalaumu, mahakama ilianza kurekodi mwaka 1955.

Ukimaliza, sikiliza ile ya 2020 kuhusu mashirika ya kigeni yanayopokea fedha za Marekani za kupambana na UKIMWI kwa sharti la kutangaza kwamba yanapinga ukahaba (Agency for International Development dhidi ya Alliance for Open Society), iliyosikilizwa kwa simu wakati wa korona. Jaji Kavanaugh aliyakatalia kinga ya Katiba ya uhuru wa kusema kwa kuwa ni ya kigeni na yako nje ya Marekani, akayaweka kando maeneo yaliyo chini ya mamlaka kamili ya Marekani, kama Guantánamo. Barazani hiyo ilizua kelele kuliko zote, na bwana mmoja anayefanya kazi kwenye shirika la afya bado hajakubali.