Nimekufa mara 417 katika msitu mzuri: uzoefu wangu na Ori and the Blind Forest

Nilimaliza gemu ya Ori and the Blind Forest usiku wa manane, macho bado mabichi kwa ule mwisho wake, nikakumbuka kwamba takwimu zilinionyesha nimekufa mara 417. Nilicheka peke yangu. Mara mia nne na kumi na saba! Miiba, maji, mawe yanayoanguka, na bundi mmoja mkubwa. Wala siwezi kusema sikuonywa. Nilionywa, ila onyo lilikuwa sentensi moja iliyojibanza chini ya aya tano za sifa.

Sifa hizo ndizo zilizonifanya niinunue. Gemu ilitoka Machi 2015 kwa Windows na Xbox One, na wahakiki wakaipokea kwa mikono miwili. Kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, toleo la Windows limesimama kwenye 88 kati ya 100. Mwaka huo huo ikabeba tuzo ya usanii wa picha kwenye The Game Awards, tuzo za kila mwaka za magemu. Karibu kila uhakiki nilioupitia ulianza na uzuri wa msitu, ukaja kwenye muziki wa Gareth Coker, ukatua kwenye machozi ya utangulizi. Nikajijengea kichwani gemu ya kutembea polepole na kushangaa miti. Nilikuwa nimechoka kazini, nikasema hii ndiyo dawa.

Tuanze na huo uzuri, kwa sababu hapo sina ubishi na mtu. Msitu unaitwa Nibel, na umechorwa tabaka juu ya tabaka: majani meusi yanapita karibu kabisa na uso wako, katikati kuna magogo na mizizi unayoikanyaga, nyuma kuna ukungu wa buluu, na nyuma ya ukungu kuna mwanga ambao hujui unatoka wapi. Ori mwenyewe ni kiumbe mdogo mweupe anayeng'aa, kwa hiyo ndiye taa ya kila picha. Akiruka, masikio yake marefu yanachelewa kidogo kumfuata. Mara kadhaa nilisimama mahali salama nikaacha pedi mapajani, nikatazama tu. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba Moon Studios, walioitengeneza, hawakuwa na ofisi moja. Watu wake walifanya kazi wakiwa wametawanyika nchi mbalimbali. Ukiitazama gemu utaapa ni kazi ya mkono mmoja.

Na utangulizi, naam, nililia. Naru, kiumbe mnene mwenye huruma, anamwokota Ori usiku wa dhoruba na kumlea. Msitu unakauka, chakula kinakwisha, na kilichobaki anampa mtoto. Hakuna maneno mengi. Msimulizi anazungumza lugha ya kubuni, maana yake unaisoma kwa maandishi, na sehemu kubwa unaichukua kwenye namna Naru anavyokaa na anavyoinama. Kitu kimoja wahakiki walikipita haraka: vitufe hawakunyang'anyi. Wewe mwenyewe ndiye unayemtembeza Ori kumrudia Naru na tunda mkononi, ukijua tayari kwamba umechelewa. Ingekuwa filamu tu ningehuzunika. Hapa niliona kama nina hatia.

Dakika kumi na kitu hivi, kisha ulaini unakwisha.

Mapigano ndiyo sehemu dhaifu, na wahakiki wachache waliolalamika walilalamikia hilo kwa haki. Sein, ule mwanga mdogo unaofuatana na Ori, unalenga wenyewe. Kazi yako ni kubonyezabonyeza kitufe. Nilibonyeza. Tuendelee.

Utajiri uko kwenye kuhifadhi, au kusevu kama tunavyosema wengi wetu. Hakuna vituo vingi vya kukuhifadhia mchezo. Unatengeneza chako, popote unapotaka, ilimradi ardhi iwe imara na adui asiwe jirani, na unalipia kwa nishati. Ubaya ni kwamba nishati hiyo hiyo inahitajika kwa shambulio kubwa na kwa kufungua baadhi ya milango. Basi kila kona inakuwa hesabu. Nina tone moja: nihifadhi hapa, au nisubiri mpaka nivuke lile bonde la miiba? Vifo vyangu mia vya kwanza havikutokana na vidole vizito. Nilikuwa nasahau. Natazama mandhari, nasonga mbele dakika kumi nzima bila kuhifadhi, nateleza, naanza kule nilikotoka jana. Hasira yangu ilikosa wa kumwangukia, maana aliyesahau ni mimi. Sijaona njia nyingine ya kuhifadhi iliyonifundisha kuogopa kwa kiasi kama hii.

Halafu ukafika mti wa Ginso.

Ndani ya mti huu unapata uwezo unaoitwa Bash, na kwa maoni yangu gemu nzima imejengwa juu yake. Adui anakurushia kombora. Unalisogelea, unabonyeza, dunia inasimama, mshale unajitokeza uchague upande. Ukiachia, Ori anaruka upande ulioelekeza na kombora linakwenda kinyume chake. Kilichokuwa kinakuua sasa ni ngazi yako. Siku mbili nilikuwa nikikwepa vyura na makombora yao. Siku ya tatu nilikuwa nawatafuta, kwa sababu bila wao nisingefika juu. Kuna sehemu sikukanyaga ardhi kabisa, naruka toka kombora hadi kombora, na nilipotua nilikuta nimebana pumzi.

Kisha maji yanapanda. Ukishayasafisha ndani ya Ginso yanafurika, nawe unakimbia kwenda juu na mti wote unavunjika nyuma yako. Hapa hakuna kuhifadhi. Kosa moja, unaanza chini. Uhakiki mmoja mmoja uliliita eneo hili dhuluma, la kubahatisha mpaka upatie, na kwa majaribio yangu thelathini ya kwanza nilikubaliana nao, nikaongeza na maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kuna tawi linaanguka ambalo huwezi kulikwepa kama hujawahi kuuawa nalo. Hilo ni kosa, na uzuri wa picha haulifuti.

Tena picha yenyewe ina mkono wake kwenye mauaji haya, jambo ambalo sifa zote zile hazikuligusa. Miiba imepakwa rangi kwa ustadi ule ule wa maua. Yale majani ya mbele yanayopendeza yanaziba ukingo unaopaswa kuruka. Mwanga unapowaka pande zote, Ori, ambaye kutwa nzima ndiye taa, anapotelea ndani yake. Nilikufa si mara moja kwa kudhani kitu kinachoua ni pambo. Wahakiki waliweka picha kwenye kapu la mazuri na ugumu kwenye kapu la malalamiko, kana kwamba havijuani. Mimi naviona ni ndugu: bila msitu mzuri kiasi kile nisingezubaa, na bila kuzubaa ningekufa labda mara mia mbili.

Kuhusu bundi Kuro sitasema mengi, msije mkanilaumu kwa kuwaharibia. Ila chuki yake ina sababu, na sababu hiyo ni watoto. Nilipoijua, kumkimbia kulizidi kuwa kugumu. Ningependa gemu ingempa muda zaidi. Hadithi katikati inalegea, tunapanda na kushuka tukirudisha mwanga wa pande tatu za msitu huku Naru akibaki mbali na mawazo yetu.

Anayetaka kununua leo achukue toleo la Definitive Edition la 2016. Limeongeza viwango vya ugumu, kikiwemo chepesi kwa wenye haraka na hadithi na cha uhai mmoja kwa wasiojionea huruma, pia njia ya kusafiri haraka kati ya visima vya roho (vile vituo vichache vya kuhifadhi), ambayo toleo la kwanza lilikosa na ulikuwa ukirudi kwa miguu mpaka uichukie ramani. Kuna pia maeneo mapya yanayoeleza Naru alikotoka. Hayo yalinirudishia kidogo kile nilichokuwa nalalamikia.

Ningekuwa na kalamu ya kutoa alama ningeiacha 88 pale ilipo. Ila ningeitoa kwa Bash na kwa yale matone ya nishati, na picha ningeiandika kwenye orodha ya maadui.

Nimeanza upya wiki iliyopita, safari hii kwenye kiwango kigumu. Juzi nimetoka Ginso kwa jaribio la sita. Hesabu inasoma 38.