Mihadhara ya bure maktabani: ya kwanza nilikwenda peke yangu, ya pili na mke wangu

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza nililoulizwa na wenzangu kijiweni hapa Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala. Mihadhara hii ya jioni, kwenye maktaba ya chuo kikuu kimoja cha Kampala, haina kiingilio, wala hakuna bahasha ya mchango inayozungushwa mwishoni. Utakachotumia ni nauli. Mimi nililipa shilingi 3,000 za Uganda kwa taksi hadi mjini (wenzangu wa Mombasa, taksi ya huku ndiyo matatu yenu), 2,000 za bodaboda hadi getini, na usiku wakati wa kurudi kondakta akanikata 5,000 kwa kuwa kulikuwa kunanyesha. Mvua ya Kampala ina bei yake.

Chuo kikuu chenyewe sikitaji. Nina manung'uniko kidogo hapa chini, na askari wa getini tumeshakuwa marafiki. Kama ni nyota, getini natoa moja. Mezani natoa tano. Meza gani, nitafika.

Mimi ni dereva mstaafu. Nimevuta trela kutoka Mombasa hadi Kampala tangu 1988 hadi 2019, na mizani za Mariakani, Gilgil na Webuye nazijua kama vyumba vya nyumba yangu. Shule niliishia darasa la saba. Nilioa Iganga, mashariki mwa Uganda, na nilipoweka funguo chini nikabaki huku Uganda, nchi ya wakwe. Tangazo la mhadhara nililiona limebandikwa kwenye duka la fotokopi: historia ya reli na barabara Uganda, Alhamisi saa kumi na moja jioni, maktabani, wote mnakaribishwa. Neno "wote" nikalichukua kama lilivyoandikwa.

Getini lilikuwa halijafika. Askari akaniuliza, "Ssebo (yaani bwana), wewe ni mzazi wa mwanafunzi?" Nikamwambia nimekuja kusikiliza mhadhara. Akataka ndagamuntu, yaani kitambulisho cha Uganda, nikampa kitambulisho cha Kenya, akakigeuza mbele na nyuma kama mtu anayekagua samaki, kisha akapiga simu. Dakika ishirini nimesimama juani. Hilo ni kosa la waandaaji, si lake. Yeye hakuambiwa kitu. Chuo kikialika watu wa nje, orodha ya shughuli ifike kwanza kwa anayefungua geti.

Ndani mambo yalikuwa mazuri. Begi unaliacha mlangoni, unapewa kibao chenye namba, unasaini daftari la wageni. Meza za kusomea walikuwa wamezisukuma ukutani, viti vya plastiki vimepangwa, watu kama sitini hivi, wengi wanafunzi, na wazee wachache waliovaa koti kana kwamba wanakwenda mahakamani. Saa kumi na moja ikawa saa kumi na moja na dakika arobaini. Kipaza sauti kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa kinakoroma.

Mhadhara wenyewe ulikuwa wa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha forodhani: naelewa kuliko ninavyosema. Lakini mhadhiri alikuwa na ramani ukutani, na ramani haina lugha. Alisema kitu ambacho nimepita juu yake miaka thelathini bila kukijua. Ile iliyoitwa Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na wakati huo Kisumu ilihesabiwa kuwa ndani ya Uganda. Mwaka uliofuata Waingereza wakasogeza mpaka, jimbo lote la mashariki likahamishiwa upande ambao leo ni Kenya. Basi Reli ya Uganda ikabaki haina hata pau moja ndani ya Uganda! Ukumbi ulicheka. Mimi nilikumbuka foleni za Malaba, usiku ule wote niliolala chini ya trela nikingojea makaratasi ya mpaka, na nikawaza kwamba mtu mmoja mwenye kalamu angeweza kunipunguzia au kuniongezea safari.

Kipande cha kwanza cha reli ndani ya Uganda, alisema, hakikuunganishwa hata na hiyo ya Mombasa. Kilijengwa Jinja hadi Namasagali, kikafunguliwa 1912. Sababu ni maji: Mto Nile ukitoka Jinja una maporomoko, meli haipiti. Kwa hiyo mzigo ulipandishwa garimoshi hadi Namasagali, pale mto unapotulia, ukaingizwa kwenye meli, ukavuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Pamba ya Busoga, eneo hilo la Jinja na Kamuli, nayo ilitoka kwa njia hiyo hiyo. Kampala ilisubiri garimoshi la moja kwa moja kutoka pwani hadi 1931.

Hapo ndipo nilipokaa sawasawa kwenye kiti. Marehemu baba mkwe wangu alikuwa kuli Namasagali. Alibeba marobota ya pamba bandarini, na sisi vijana tulikuwa tunamcheka kimoyomoyo: bandari gani kule kijijini Kamuli, kwenye magugu? Ukienda leo unaona mto umetulia, basi. Kumbe mzee alikuwa hasemi ndoto.

Wakati wa maswali ndio kipimo changu cha mhadhara wowote. Mhadhiri alikuwa amesema malori yaliishinda reli kwa mwendo. Nikanyoosha mkono. Kiingereza kikanikimbia, nikasema kwa Kiswahili. Mnajua habari za Kiswahili Kampala: ukikizungumza, watu wa umri wangu wanakuangalia kama unaficha bunduki, maana kwao kilikuwa lugha ya kambi za jeshi na ya majambazi. Baraza la mawaziri lilipitisha mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini azimio ni jambo moja na masikio ya watu ni jingine. Ukumbi ukanyamaza. Binti mmoja mwanafunzi, nadhani wa Arua, kaskazini magharibi ambako Kiswahili si kigeni, akasimama na kusema, "Mzee, endelea, nitatafsiri."

Nikasema: si mwendo. Mimi nimelala Malaba siku nne na mzigo wa mtu. Lori lilishinda kwa sababu linafika mpaka mlango wa duka, na kwa sababu dereva anapokea simu. Mwenye mali akiuliza kontena liko wapi, kuna mtu wa kumjibu, hata kama anamjibu uongo. Garimoshi utalipigia wapi? Binti akatafsiri, na ile ya uongo hakuiacha. Mhadhiri akacheka, akaandika kwenye karatasi yake, kisha akaniuliza yeye mimi maswali matatu. Nawaambia kweli, sijawahi kuulizwa kitu na mwalimu tangu darasa la saba.

Kwa sisi watu wa pwani, mambo haya yana ukoo. Msomi Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alifundisha Chuo Kikuu cha Makerere, hapa Kampala, kuanzia 1963, na midahalo yake ya hadharani ilikuwa inavuta watu ukumbini. Sasa amelala makaburi ya Wamazrui, mkabala na Fort Jesus. Nilikuwa mtoto wakati ule, lakini jina lake nililisikia barazani kabla sijajua Kampala iko wapi.

Sasa ile meza. Baada ya mhadhara wakutubi walikuwa wametandaza vitu ambavyo siku za kawaida hufungiwa: ramani za zamani, ratiba za garimoshi, picha. Unaruhusiwa kuinama na kuangalia, mikono nyuma. Kwenye ramani moja nikaiona Namasagali, imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko Iganga! Nikaomba nipige picha kwa simu nimwonyeshe mke wangu. Mkutubi akakataa kwa heshima: kwa picha kuna fomu, na ofisi ya fomu imefungwa saa kumi na moja, yaani saa ile ile mhadhara ulipotangazwa kuanza. Hapo ndipo ningependa mtu akae na penseli afikirie.

Mwezi uliofuata nikampeleka Mama Aisha. Mada safari hii ilikuwa sumukuvu (aflatoksini, sumu inayoletwa na kuvu) kwenye mahindi, na hatukuifuata mada, tuliifuata ramani. Tukapita getini bila simu kupigwa, askari akanisalimu kwa jina. Mke wangu akakaa amekunja uso, mkoba magotini, hadi mhadhiri alipotoa chupa tupu ya soda, akatia punje za mahindi na chumvi kavu, akatikisa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani. Isipoganda, yamekauka. Kwa ghala yanatakiwa unyevu usizidi asilimia 13.5. Mama Aisha akaukunjua uso.

Mimi sumukuvu naijua kwa upande wa barabara. Machi 2021 Kenya ilipopiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania, wenzangu walikwama mpakani na malori yaliyojaa, na hata yalipofunguliwa wakatakiwa kuonyesha cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Nilitaka kusimulia hayo. Mke wangu akanitangulia. Aliuliza kwa Luganda: je, mahindi yaliyoota kuvu ukiyapika sana, sumu inakufa? Mhadhiri akamjibu kwa Luganda hapo hapo, bila mkalimani. Haifi, moto wa jikoni hauiwezi. Kuchagua punje mbovu na kukoboa kunapunguza, lakini dawa ni kukausha vizuri, na si juu ya udongo mtupu. Wanawake watatu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kuulizana naye kama sokoni, na ule ukawa mhadhara wa pili, mzuri kuliko wa kwanza.

Siku hizi tuna turubai jipya uani, na chumvi ya nyumbani kwetu inaisha mapema.

Ramani haikuwepo. Mezani walikuwa wameweka vitabu vya kilimo, na ile ya reli ilikuwa imerudishwa ndani. Mama Aisha alinitazama, hakusema kitu. Mkutubi, yule yule wa fomu, akaniandikia namba yake kwenye kipande cha karatasi, akaniambia nije Jumatano yoyote kabla ya saa kumi, niulize dirisha la pili. Karatasi iko kwenye pochi yangu, nyuma ya leseni ambayo muda wake umekwisha.