TAHADHARI: Kishoka wa makaratasi anayeuza "kifurushi cha intavyuu" ya ndoa, alitufichia hadi barua yetu ya USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani)

Wadau habari zenu, hasa nyie mlio huku Marekani na mna kesi za makaratasi kupitia ndoa zinaendelea. Nimekaa na hili jambo karibu wiki tatu najiuliza niandike au ninyamaze, maana watu wetu ukisema umetapeliwa wa kwanza kukucheka ni haohao unaokula nao, ila jana dada mmoja kaniuliza kama namfahamu "yule kaka anayetengeneza makaratasi" nikahisi tumbo linakata, ni yuleyule. Basi naandika. Jina lake siweki, sitaki kesi juu ya kesi, lakini kazi zake utazitambua.

Mume wangu ni raia wa hapa, mimi nilikuja kusoma, tukaoana, tukaamua kutuma I-130 (ombi la mume kwa ajili ya mkewe) na I-485 (ombi langu la green card) kwa pamoja. Huyu jamaa tulikutana naye kwenye arobaini ya mzee mmoja, yeye ndiye alikuwa ameshika daftari la michango, anaita majina, kila mtu anamuamkia. Mtu aliyeaminiwa hela ya msiba utamtilia shaka vipi? Akatupa kadi yake, imeandikwa "mtaalamu wa uhamiaji" na chini yake "Notary Public", na hapo ndipo nilipoingia mjini mzima mzima. Sisi nyumbani Tanzania tumezoea muhuri wa "Advocate, Notary Public and Commissioner for Oaths", kwa hiyo ukiona notari akilini unaona wakili. Huku siyo hivyo kabisa jamani. Huku notari ni mtu wa kushuhudia sahihi yako basi, anaweza kuwa muuza duka, hana ruhusa ya kukushauri hata ujaze nini kwenye kisanduku kimoja cha fomu. Wamexico na wenzao wanalizwa kwa neno hilihili miaka na miaka, sisi tunadhani ni tatizo lao.

Hela sasa. Dola 1,800 za "huduma", keshi, bila risiti. Dola 85 za alama za vidole, kumbe hiyo ada ya 85 ni ya zamani, tangu tarehe 1/4/2024 imemezwa ndani ya ada ya fomu yenyewe, na sisi tulituma Septemba 2024, kwa hiyo ilienda mfukoni kwake moja kwa moja. Halafu dola 360 za tafsiri, kurasa tatu za hukumu ya talaka yangu ya Mahakama ya Mwanzo, mia na ishirini kwa ukurasa, eti lazima ziwe na muhuri wa notari. Siyo kweli. Tafsiri inatakiwa iwe kamili na mtafsiri aandike na kusaini kwamba anazijua lugha zote mbili na ametafsiri sawasawa, basi, mtu yeyote anayejua Kiswahili na Kiingereza vizuri anaweza. Bahati pekee tuliyokuwa nayo ni kwamba mume wangu aligoma kumpa keshi ya ada za serikali, akaandika cheki mwenyewe kwenda USCIS, 675 ya I-130 na 1,440 ya I-485, na hizo cheki ndizo zilizokuja kutuokoa, ngoja nitafika.

Kosa letu nalisema wazi, tulisaini bila kusoma. Alituletea kurasa za sahihi tu, "shem weka hapa, dada'angu weka hapa, mengine niachieni mimi", anamwita mume wangu shem na mume wangu anacheka tu hajui hata maana yake. Anwani ya kupokelea barua akaweka sanduku lake la posta, eti barua za serikali zinaibiwa sana kwenye apatimenti. Akaunti ya mtandaoni akafungua kwa imeili yake. Nakala ya kilichotumwa hatukupewa. Sasa hivi nikiandika haya najishangaa, ila wakati ule nilimuona mtu anayetuhangaikia.

Ikapita miezi, kimya. Nikipiga simu "dada'angu subira, serikali haikimbizwi". Halafu Alhamisi moja usiku anatuma picha WhatsApp, barua ya USCIS, I-797C, ya kuitwa intavyuu. Jamani, ile picha ninayo mpaka leo. Kaishika barua kwa mkono mmoja na kidole gumba kakilaza juu ya tarehe na saa, na namba ya kesi kaikunja kwa nyuma. Kinachoonekana ni majina yetu na tarehe ambayo barua iliandikwa, ambayo ni karibu mwezi mzima nyuma. Mwezi mzima kaikalia. Chini kaandika: "Hongereni, ni wiki ijayo. Kifurushi cha intavyuu ni 700, mkilipa nawapa barua." Na kwamba ukikosa intavyuu bila taarifa kesi inahesabiwa umeitelekeza na inakataliwa, hilo alilisema kweli, ndiyo maana linatisha.

Tukampa 350 kwanza, kwenye paking ya duka, dirisha kwa dirisha kama tunanunua bangi. Akatupa faili la bluu, barua kabaki nayo mpaka tumalizie.

Faili lile ndilo hasa nataka mlijue, kwa sababu ndilo analouza sasa hivi. Ndani kuna karatasi za "maswali 84 na majibu", majibu yameshaandikwa, kazi yenu ni kukariri. Mlikutana wapi: maktaba. Alivaa nini: shati la bluu. Nani analala upande wa ukuta. Mimi na mume wangu tulikutana kwenye foleni ya kufua nguo, hakuna maktaba wala shati la bluu. Ukurasa wa nne nikakuta jina la mume wa mtu mwingine, alisahau kulibadilisha, kwa hiyo kuna wanandoa huko nje wamekariri maktaba hiyohiyo na kuna afisa ameshaisikia. Kuna mkataba wa nyumba wenye majina yetu kwenye anwani ambayo hatujawahi hata kupita. Kuna viapo viwili vya "marafiki wa familia" wanaotufahamu sana, na sisi hatuwajui. Na maelekezo ya picha: badilisheni nguo mara tano, pigeni siku moja, sehemu tofauti.

Ndoa yetu ni ya kweli wadau. Tunaishi nyumba moja, tunagombania rimoti, tuna akaunti ya benki ya pamoja ambayo haina kitu lakini ni ya pamoja. Mtu kama huyu anachukua ndoa ya kweli anaivalisha uongo. Mkataba feki ukikamatwa hakuna afisa atakayekuuliza kama mnapendana. Wakishaamua ndoa ni ya kutafutia makaratasi, hakuna ombi lolote la familia litakalokubaliwa kwa ajili yako tena, hata ukija kuolewa na mwingine kwa haki kabisa. Na sheria ya ndoa za ulaghai ni kifungo hadi miaka 5 au faini hadi dola 250,000, au vyote viwili.

Kilichonitoa usingizi kabisa kilikuwa nyuma ya faili, nadhani alikiacha kwa bahati mbaya, nakala ya fomu zetu zilivyotumwa. Saa saba usiku nimekaa chini jikoni nasoma. Umeolewa mara ngapi? Kaandika 1. Mimi niliolewa kabla, nikaachika kihalali mahakamani, hukumu nilimpa mwenyewe akaitafsiri kwa dola 360, halafu hakuituma! Nikampigia saa ileile. Akajibu kwa voisi, bado nimeitunza: "Ile ndoa ya nyumbani niliitoa, inachelewesha kesi, hawa watu hawana habari na mambo ya huko." Hawana habari! Wakati naomba viza ya masomo ubalozini nilijaza DS-160 kwamba nimeolewa na nikataja jina la mume wa wakati ule. Iko kwenye mfumo wao. Yaani ningeingia mle ndani nimeinua mkono wa kulia nikaapa, halafu nikasema sijawahi kuolewa, mbele ya afisa mwenye karatasi yangu mwenyewe inayosema nimeolewa. Kudanganya jambo zito namna hiyo kunaweza kukufungia mlango maisha. Na mahali pa aliyekusaidia kujaza fomu, ambapo kisheria anatakiwa aandike jina na kusaini, kaacha patupu. Uongo wote umebaki na sahihi zetu.

Sasa zile cheki. Mume wangu akaingia benki mtandaoni, akafungua picha ya nyuma ya cheki zilizokwisha pita, enzi hizo USCIS bado wanapokea cheki za karatasi walikuwa wanapiga namba ya risiti mgongoni, herufi tatu na tarakimu kumi. Tukaziweka kwenye ukurasa wa hali ya kesi pale uscis.gov, bure kabisa, ikaja kwamba intavyuu imepangwa. Asubuhi tukapiga kituo chao cha simu 1-800-375-5283, ile mashine inachosha roho, rudia tu neno la kuomba mtu mpaka wakupe mtu, baadaye tukarudishiwa simu tukaambiwa tarehe, Jumatano, tukabadilisha na anwani papohapo. (Kumbukeni pia ukihama kama siyo raia una siku 10 za kuwaambia anwani mpya.) Ile 350 iliyobaki hakuiona, alipiga mara kumi na moja siku hiyo.

Jumatatu tukapata nafasi kwenye shirika moja la kusaidia wahamiaji, siyo wakili aliyetuona, ni mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya hapa, hawa wapo na orodha yao iko wazi kwenye tovuti ya wizara, na wakili naye unaweza kumtafuta jina kwenye chama cha mawakili cha jimbo lake, ni dakika mbili. Yule mama kalipitia faili la bluu, kaweka pembeni karatasi moja moja bila kusema neno, kilichobaki mezani ni vyeti vyetu halisi tu. Akasema maswali 84 msiyakariri, someni fomu zenu, maana intavyuu inafanyika juu ya fomu. Kosa la ndoa ya kwanza mlitaje wenyewe mwanzoni, kabla hamjaulizwa, na hukumu mkononi.

Tukafanya hivyohivyo. Barua hatukuwa nayo, mlangoni wakatazama vitambulisho wakatukuta kwenye orodha. Tukaapa, mimi nikasema kabla ya kukaa vizuri kwamba kuna jibu halipo sawa na nina karatasi. Afisa hakushtuka wala nini, akachukua kalamu nyekundu, akakata ile 1 akaandika 2, akaandika jina la mume wa kwanza na tarehe ya talaka, akaendelea. Akauliza nani alijaza fomu, tukamwambia ukweli, akaandika. Maswali ya ndoa yalikuwa matano sita hivi, mlikutana wapi (foleni ya kufua nguo, akatabasamu), kodi analipa nani, wakwe umeshawaona, halafu ule msururu wa ndiyo na hapana, umewahi kukamatwa, umewahi nini. Mswaki wangu wa rangi gani hakuna aliyeuliza. Mwisho nikasaini tena chini ya marekebisho yote. Majibu bado, wametuambia yatakuja kwa posta, na safari hii posta ni yetu.

Kama una kesi mikononi mwa huyu kaka au wa aina yake, usisubiri akutumie picha ya kidole. Angalia leo anwani iliyoko kwenye kesi ni ya nani na imeili ni ya nani. Dai nakala ya kila ukurasa, akikataa unaweza kuomba faili lako USCIS wenyewe kwa FOIA (sheria ya kuomba taarifa zilizoko serikalini), inaombwa mtandaoni. Pasipoti halisi na vyeti halisi usimwachie hata usiku mmoja. Intavyuu haina ada yoyote USCIS, fomu zenyewe ni bure kupakua, na akikwambia lipia ada ya serikali kwa Western Union au kadi za zawadi, hiyo siyo serikali. Kama Kiingereza hakijakaa vizuri unaenda na mkalimani wako, kuna fomu G-1256 ya kusaini mle ndani, yeye anauza "mkalimani wa ndani" kwa dola 200, msikubali.

Tumeshamripoti kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, reportfraud.ftc.gov (tovuti ya serikali kuu ya kuripoti utapeli) na kwenye fomu ya USCIS ya kuripoti ulaghai. Hesabu yetu ni dola 2,595, sitegemei kuziona. Juzi kabadilisha namba na picha ya profaili, sasa kavaa suti na nyuma kuna bendera, na nimeambiwa kifurushi kimepanda, ni 900.

Wewe mwenye jina kwenye ukurasa wa nne, au mkeo, kama mnasoma hapa, njooni inboksi haraka. Ukurasa wenu ninao mimi.