Kisu cha Kukunja cha Kila Siku: Kipi Ununue kwa Pesa Isiyozidi Dola 40

Kama una haraka, nunua Opinel namba 8 yenye bapa lisiloshika kutu. Ni kisu cha Kifaransa, chepesi, kinanoleka kwa dakika chache, na Ulaya kwa kawaida hakizidi dola 20. Yaliyobaki hapa chini ni ya anayetaka kujua kwa nini nimekiweka mbele, ni lini kingine kinafaa zaidi, na jinsi ya kuepuka vile visu vyeusi vya kung'aa vinavyotembezwa kwenye foleni za magari. Kikomo changu ni dola 40, yaani kama shilingi 5,000 za Kenya au 100,000 za Tanzania. Chini ya hapo unapata kisu cha kukaa nacho miaka mingi, na ukipanda zaidi unalipia urembo kuliko ukataji.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi. Kisu cha mfukoni hakichinji mbuzi wala hakipasui kuni. Kinamenya chungwa, kinakata kamba ya katani mdomoni mwa gunia, kinafungua katoni, kinapunguza mpira wa kumwagilia bustani, kinachonga penseli ya seremala, na siku ya nyama choma kinasaidia kugawa mbavu. Kwa hayo yote, bapa la sentimita 6 hadi 9 linatosha. Likizidi hapo watu wanaanza kukutazama kwa wasiwasi, na wana haki.

Tazama chuma kabla ya kitu kingine

Muuzaji atakuonyesha tochi, filimbi na kifungua chupa kilichomo ndani ya mpini. Wewe uliza chuma. Kisu ni makali, na makali hutokana na aina ya chuma na jinsi kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani. Kaboni ndiyo inayokipa chuma ugumu. Kromiamu ndiyo inayozuia kutu. Kaboni ikishuka sana chini ya asilimia 0.5, makali hulala upesi: asubuhi kisu kinakata, jioni kinasugua tu.

Vyuma vingi vya China vinajieleza vyenyewe ukijua kusoma jina. Tarakimu ya mwanzo ni kaboni katika sehemu za kumi za asilimia, na ile inayofuata Cr ni kromiamu. Kwa hiyo 8Cr13MoV ina kaboni karibu asilimia 0.8 na kromiamu karibu asilimia 13, na hicho ni chuma kizuri kwa bei yake. 3Cr13 ina kaboni karibu asilimia 0.3, kiache dukani. Bapa likiwa limeandikwa "Stainless" tu, bila jina la chuma wala la kiwanda, mtengenezaji amekwambia anachojua.

Nenda na sumaku ndogo. Chuma cha kisu kinachoweza kufanywa kigumu hunasa sumaku, hata kile kisichoshika kutu. Bapa lisilonasa kabisa ni la aina inayofaa masufuria, na halitashika makali hata ulinoe usiku kucha. Lakini usidanganyike upande wa pili: kunasa peke yake hakuthibitishi ubora, kwa kuwa hata 3Cr13 hunasa.

Na mahali unapoishi pana maana. Tanga, Mombasa, Lamu, Unguja, popote hewa ina chumvi, chuma cha kaboni kikilala na unyevu mfukoni huamka na madoa ya kutu. Huko chukua kisichoshika kutu. Iringa au Nakuru unaweza kuchagua upendavyo.

Cha kwanza: Opinel namba 8

Joseph Opinel alianza kutengeneza visu hivi mwaka 1890 huko Savoie, upande wa milima ya Alps nchini Ufaransa, na umbo lake limebadilika kidogo mno tangu wakati huo. Kina vipande vitano tu: bapa, mpini wa mbao, pini ya kuungia, mkanda wa chuma shingoni, na pete ya kuzungusha. Pete hiyo iliongezwa mwaka 1955. Ukifungua kisu unaizungusha kidogo, bapa linafungika na haliwezi kurudi kwenye vidole. Hakuna springi ya kuvunjika wala skrubu ya kupotea. Fundi yeyote anaweza kuelewa kinavyofanya kazi kwa kukitazama mara moja.

Namba 8 ina bapa la sentimita 8.5 na uzito wake hautimii gramu 50, kwa hiyo unasahau kwamba umekibeba. Sifa yake kubwa ni wembamba. Bapa limechongwa jembamba hadi kwenye makali, na ndiyo sababu linapita ndani ya nyanya iliyoiva bila kuiponda. Visu vingi vya bei hii vina bapa nene la kuonekana imara, na unene huo unapasua embe badala ya kulikata. Gharama ya wembamba ni kwamba hukitumii kubandua wala kufungulia kopo la rangi. Ncha itakatika, na kosa halitakuwa la kisu.

Kuna aina mbili. Iliyoandikwa "Carbone" ina kaboni karibu asilimia 0.9, inanoleka kwa wepesi wa ajabu, lakini ukikatia limau na kuiacha bila kuifuta, bapa linageuka jeusi. Weusi huo wenyewe si ugonjwa. Kutu nyekundu ndiyo ya kuogopa. Iliyoandikwa "Inox", yaani isiyoshika kutu, hutumia chuma cha Uswidi kiitwacho 12C27, na ndiyo ninayompendekezea karibu kila mtu.

Kasoro yake ni mpini. Mbao hunywa maji, na wakati wa masika mpini ukivimba bapa hukwama ndani. Usilivute kwa meno wala koleo. Gonga kitako cha mpini kwenye meza au jiwe, upande ule bapa linakochomoza; litatoka kidogo, kisha utalivuta kwa kucha. Watu wa Savoie wenyewe hufanya hivyo. Ukitaka kupunguza tatizo, kausha mpini vizuri siku ya jua, upake mafuta ya kitani, uyaache yaingie, urudie. Kama bado unabana, sugua ndani ya ule mfereji kwa msasa laini, taratibu, maana mbao ikishaondoka hairudi.

Cha pili: Victorinox Spartan

Kwa mtu wa ofisini, fundi umeme au mwalimu, hiki kinaweza kuwa cha kwanza. Kampuni ilianzishwa na Karl Elsener huko Ibach, Uswisi, mwaka 1884, na kisu cha maofisa kilichozaa familia hii yote kilisajiliwa mwaka 1897. Spartan ina urefu wa milimita 91 ikiwa imefungwa, na ndani yake mna mabapa mawili, kifungua kopo, kifungua chupa, bisibisi na kitoboleo. Ukikutana nayo kwa dola 30 na kitu, chukua.

Chuma chake ni laini kidogo kuliko cha Opinel, kwa hiyo utakinoa mara nyingi zaidi, ila hakisumbui kunoa na kutu haikigusi. Jambo la kuheshimu ni kwamba bapa lake halina loki. Ukikata kwa kuvuta, salama. Ukisukuma ncha ndani ya kitu kigumu, bapa linaweza kujifunga juu ya vidole. Usimpe mtoto kabla hujamfundisha hilo.

Ndugu yake mdogo, Classic SD ya milimita 58, huingia kwenye mnyororo wa funguo na ina mkasi ambao ni mzuri kupita umbo lake. Kwa anayefungua vifurushi tu na kukata nyuzi za nguo, kinatosha.

Shida ya Victorinox huku kwetu ni bandia. Nembo ya msalaba mweupe ndani ya ngao imebandikwa kwenye takataka za kila namna. Fungua bapa kubwa, utazame shina lake: la halali limechapwa jina la kampuni na asili ya Uswisi kwa herufi safi, zisizofifia. Inua kisu kwenye mwanga. Kati ya mabapa na bati za ndani hapapaswi kupita mwanga mpana. Kila kifaa kifunguke kwa nguvu ileile na kujifunga kwa mlio mkavu. Kimoja kikiwa kinacheza na kingine kinakataa kutoka, mrudishie mwenyewe, hata akikupunguzia nusu ya bei.

Cha tatu: Okapi

Kina historia inayotuhusu. Okapi ilianzishwa Ujerumani mwaka 1902 ili kutengeneza visu vya kuuzwa katika makoloni ya Kijerumani barani Afrika, na jina lilichukuliwa kwa mnyama wa misitu ya Kongo. Tangu 1988 jina na mitambo viko Afrika Kusini. Ni kisu cha kaboni, mpini wa mbao wenye mapambo ya mwezi na nyota, na loki ya meno inayotoa mlio unapofungua. Kukifunga unavuta pete ya mgongoni. Kwa bei ni rahisi kuliko vyote vya maana, na kinakata kwa bidii.

Nimekiweka wa tatu kwa sababu mbili. Umaliziaji wake hautabiriki, kwa hiyo chagua kwa mkono, usiagize bila kuona. Na sifa yake ya mtaani Afrika Kusini ni mbaya. Askari anayekijua atakuuliza maswali ambayo mwenye Spartan haulizwi. Shambani hakina neno.

Vya China vyenye jina

Ganzo na Sanrenmu ni viwanda vinavyoweka jina la chuma hadharani, na mfuko wa dola 20 hadi 30 unatosha. Vinafaa kwa mwenye kazi ya kuhitaji mkono mmoja kufungulia, kama dereva wa lori anayefunga turubali. Ni vizito zaidi, vina skrubu zinazolegea, na vumbi likiingia kwenye loki vinahitaji kusafishwa.

Kunoa

Jiwe la kunolea la pande mbili kutoka duka la vifaa vya ujenzi linatosha. Anza upande wa kukwaruza, malizia laini, bapa likiinuka kama nyuzi 15 hadi 20. Ukiwa safarini, ule mzingo usiong'aa chini ya kikombe cha udongo hufanya kazi hiyo vizuri. Mnoa visu wa baiskeli namheshimu kwa mapanga, lakini bapa jembamba likiguswa na gurudumu linalozunguka hupata moto upesi. Makali yakigeuka rangi ya bluu, ugumu umeshaondoka.

Mahali pa kutokibeba

Stesheni za Madaraka Express mizigo hupitishwa kwenye mashine, na viwanja vya ndege kisu hakikai kwenye begi la mkononi. Kenya, kukutwa na silaha katika mazingira yanayoonyesha nia ya uhalifu ni kosa la jinai, kwa hiyo kisu kikae pamoja na vifaa vya kazi, si kiunoni usiku. Walioko Uingereza wajue kwamba kisu cha kukunja kisicho na loki, chenye makali yasiyozidi inchi 3, ndicho kinachoruhusiwa kubebwa bila sababu maalumu; Opinel namba 8 haimo, Spartan imo. Na ukimwagiza ndugu aliyeko Ufaransa akuletee, mwambie "namba 8, Inox", akiweke ndani ya sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege.