Nilikwenda kuombea muziki na ubongo, wakanipa ugavi

Nyota moja, na hiyo moja ni ya kijana wa mapokezi. Ofisi yenyewe siitaji. Ni wakala wa masomo ya ng'ambo, ghorofani hapa mjini Mombasa, ukutani picha ya saa ya London, mezani bakuli la peremende.

Nilikwenda kabla ya Ramadhani na haja moja tu: shahada ya uzamili ya saikolojia ya muziki na sayansi ya ubongo. Si kitu nilichokibuni. Goldsmiths ya London wamekuwa na Muziki, Akili na Ubongo, na Jyväskylä kule Ufini Muziki, Akili na Teknolojia. Zote mbili nilikuwa nimeziandika kwenye karatasi. Digrii ya saikolojia ninayo, na fidla ya taarabu napiga tangu mdogo.

Mshauri hakuisoma karatasi, aliicheka. "Muziki na ubongo? Ile ya kuwasikizisha watoto Mozart wawe na akili?" Nikamjibu kwa upole (nilikuwa bado mpole) kwamba utafiti ule wa 1993 haukumgusa mtoto hata mmoja. Waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo, mtihani wenyewe wa maumbo, na faida ikaisha kwa kiasi cha robo saa. Habari za watoto walizivumisha wauza kanda. Akawa anagongagonga kalamu mezani, macho kwenye simu. "Dada yangu, Mombasa hii ni bandari. Soma ugavi. Kazi iko."

Sikubishana naye. Nikalipa ada ya kufungua faili, nikamkabidhi barua yangu ya kujieleza aitume.

Barua ile niliihangaikia. Aya ya katikati ilikuwa ya ami yangu. Ami alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza na maneno yakampotea. Muulize anataka chai au maji, atahangaika na "cha… cha…" mpaka ajipige goti kwa hasira. Lakini mwanzie kasida ya maulidi, ubeti wa kwanza tu, ataidaka na kuimaliza, matamshi yote yamenyooka. Kwa watu wengi usemi hutegemea zaidi nusu ya kushoto ya ubongo, ilhali kuimba huzishughulisha zote mbili. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston walieleza tiba ya kumrudisha mgonjwa kwenye kusema kwa kupitia kiimbo, mkono wake wa kushoto ukigonga mapigo taratibu. Haimfai kila mgonjwa, na hadi leo wanabishana kama kinachosaidia ni kiimbo au ni mapigo. Hapo ndipo nilipotaka kuingia mimi. Mzee wa Mji wa Kale, aliyekulia kwenye kasida na taarabu zenye sauti ambazo piano haina, atafaidika na viimbo vile vile walivyotumia Wamarekani? Hilo ndilo lilikuwa swali langu.

Majuzi ikaja barua pepe: HONGERA! Nimekubaliwa uzamili wa Ugavi na Usafirishaji, chuo ambacho sijakitaja hata ndotoni. Nikafungua kiambatisho nione walituma nini. Jina langu limo, picha yangu imo, ami hayumo. Mahali pake pameandikwa kwamba tangu utotoni navutiwa na usafirishaji wa makontena. Mimi! Na chini kabisa, mstari mmoja waliosahau kuufuta unaeleza mapenzi yangu kwa kazi ya uuguzi.

Nikazipanda zile ngazi mbio. Yule bibi mshauri hata kichwa hakuinua. "Ukishafika utabadilisha." Nibadilishe vipi? Hati ya chuo unayoombea viza ya Uingereza ina jina la chuo na jina la kozi. Mshauri asiyelijua hilo anashauri nini? Nilipombana akasema vyuo nilivyotaka mimi "hatufanyi nao kazi." Ahaa, kumbe kamisheni. Si angesema siku ile ya kwanza, nikajiondokea na pesa zangu?

Haya, niseme na mazuri yao. Mtoto wa jirani alipitia kwao kwenda kusoma uuguzi, na viza yake ilitoka bila taabu. Ukitaka uuguzi, biashara, au hayo makontena, pengine watakufaa. Na yule kijana wa mapokezi, Mungu ambariki, alinifuata ngazini, akanipa nakala za vyeti vyangu na kuninong'oneza: "Dada, omba mwenyewe kwenye tovuti ya chuo, huhitaji wakala." Kwa ajili yake nilikuwa nimekusudia kuandika nyota mbili, hata tatu.

Lakini kuna jibu moja la yule bibi ambalo mpaka sasa halijanishuka. Nilimuuliza kwa nini alimfuta ami yangu. Akasema, "Vyuo havitaki hadithi za wagonjwa." Fani nzima hii, nusu yake imejengwa juu ya wagonjwa! Ni kwa watu waliopoteza usemi wakabaki na nyimbo ndio wanasayansi walianza kujua kwamba ni vitu viwili. Yeye kwake ni hadithi.

Pesa ya faili sijarudishiwa. Na hapa nikiwa bado naandika, wamenitumia ujumbe nilipe malipo ya awali ya ugavi kabla wiki haijaisha, nisije nikapoteza nafasi. Basi nyota ile moja mpeni kijana mwenyewe mkononi. Ofisi sina cha kuipa, na msiende.